Maua Kumi na Moja

Gundi haishiki rangi.
Hilo nalijua tangu nina miaka tisa,
nafagia maranda chini ya meza ya mjomba Shaame
hapa Limbani, Wete.
Gundi hushika mti. Rangi ni nguo tu:
ukimshika mtu shati hujamshika mtu,
atakuachia shati.

Bi Raya wa Jadida alileta kabati lake
kwa gari la ng'ombe, limefungwa kamba za makumbi,
mlango juu, kama mgonjwa anayetazama dari.
Rangi ya kijani, nzito, ya makopo ya zamani,
ile inayofanya ngozi juu kama maziwa yaliyopoa.
Na kwenye pindo la kanga, fundo,
na ndani ya fundo, maua kumi na mawili ya mfenesi,
kila moja kama sarafu, lina majani sita.

"Baba yake Zuwena aliyachonga," alisema,
"akafa hajayatia.
Rangi alipaka mwenyewe.
Yatie. Lakini ole wako uikwangue."

Nikayatia. Kwa gundi ya kopo jeupe,
kwa maneno matamu, kwa matofali manne
juu ya ubao usiku kucha.
Asubuhi nikatazama: yamekaa.
Adhuhuri jua likapiga bati, likaanza moja,
tk,
kisha la pili.
Alasiri nilikuwa nayaokota sakafuni
kama watoto waokotavyo mpeta.
Nyuma ya kila ua, unga wa kijani, mwepesi kama poda.
Gundi haikushindwa. Ilishika ilichopewa.

Nikampelekea salamu. Akaja na mwavuli.
Nikamwambia: Bi Raya, siombi mlango mzima.
Naomba maduara kumi na mawili,
kila moja dogo kuliko ua lake,
unywele mmoja ndani ya ukingo.
Ua litakaa juu ya jeraha
na hapana atakayejua
ila mimi, wewe na mchwa.

Akanyamaza. Akanyoosha mkono. "Lete."
Nilidhani anataka maji.
Alitaka patasi.

Akakwangua mwenyewe, kanga kiunoni,
taratibu, kama amtoaye mtoto kibanzi kidoleni.
Chini ya kijani ikatoka buluu.
Mkono ukasita.
"Hii ya mwaka tuliooana."
Chini ya buluu, rangi ya samli.
"Hii siijui.
Hii ya mkewe wa mwanzo."
Akacheka kwa puani, akakwangua kwa nguvu zaidi.
Kisha mti, wa manjano bado,
una kiu kama juzi tu ulipasuliwa.

Nikamfuata nyuma. Msasa. Pumzi.
Tone la gundi, dogo, maana ikizidi hutapika ukingoni,
na aibu ya gundi juu ya rangi haifutiki.
Ua. Kidole gumba. Hesabu hadi sitini.
La tatu, la saba.
Kwa jirani walikuwa wanaanua mikeka,
harufu ya makonyo ikatuingilia dirishani.
Tukaenda kusali, tukarudi, la kumi.

La kumi na mbili ni kona ya chini, kushoto.
Patasi ikasimama.
Ndani ya kijani umeganda unywele wa brashi,
mweusi, umepinda kama herufi ya ra.
Labda alipaka kwa haraka. Labda taa ilikuwa ndogo.
Hakuuona.
Au aliuona akauacha.

Bi Raya aliinama mpaka pua ikakaribia ubao.
Akakaa hivyo.
Kisha akanirudishia patasi, mpini mbele,
kama impasavyo mtu kumpa mwenzake kisu.

"Hapa pameshika," akasema.

Kabati likaondoka kwa gari lile lile,
maua kumi na moja.
La kumi na mbili lilirudi kwenye pindo,
likapigwa fundo.

Wageni wake wakinikuta sokoni hunicheka:
fundi, umesahau moja, kona ya chini.
Nawaambia ndiyo,
nimesahau.